Wenzangu wa kazini wananiita mlimani kwenye theluji. Niende au nikae?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa Likoni, Mombasa, nina miaka 24. Niko Munich, Ujerumani, nasomea uuguzi huku nikifanya kazi hospitalini, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa baridi. Wenzangu wa wodini ni watu wazuri. Kila Januari hukodi nyumba Garmisch-Partenkirchen, kule milimani, wakaenda kuteleza kwenye theluji tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Mwaka huu wamenihesabu na mimi. Chumba cha wasichana peke yao kipo, hilo walinihakikishia hata kabla sijauliza.

Shangazi, mimi theluji naijua ya kituo cha basi tu, nayo naipita nimeshika ukuta. Kijana mmoja tunayepangwa naye zamu ameniambia nisipoteze pesa kwa mwalimu. Anasema ameanza kuteleza akiwa na miaka minne, atanifundisha mwenyewe asubuhi, na ikifika mchana nitakuwa pamoja nao huko juu. Akanionyesha video kwenye simu yake, mteremko ambao mimi hata kwa miguu nisingethubutu kuushuka. Nikacheka naye, lakini usiku ule usingizi ulinipaa.

Kuna na mambo mengine. Mimi navaa hijabu na sijui itakaaje chini ya helmeti. Chakula cha huko nasikia ni soseji za nguruwe na bia. Halafu pesa. Kila mwisho wa mwezi natuma nyumbani, karo ya mdogo wangu iko juu yangu, na nilipomdokezea mama habari ya safari hii alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kwani wewe ulienda huko kufanya kazi au kucheza?" Tangu siku hiyo sijaligusa tena.

La mwisho ni zito kulisema. Nitakuwa mtu mweusi peke yangu pale, msichana mzima niliyejitanda, naanguka huku watoto wa chekechea wananipita. Naona haya. Lakini nimeshakataa mialiko yao mingine, na nikikataa na huu naogopa hawatanialika tena. Niende, au nitafute sababu ya kukaa?

Binti wa Likoni, Munich

*

Marahaba mwanangu.

Nenda. Watu wanaokufikiria chumba cha kulala kabla hujafungua mdomo ni watu wa kusafiri nao, na ugenini watu wa namna hiyo hawaokotwi njiani. Ila uende kwa masharti yako, na sharti la kwanza ni kwamba Jumamosi asubuhi uwe mikononi mwa mwalimu wa shule ya skii, hizo mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni, si mikononi mwa kijana wa zamu.

Simshuku nia yake. Lakini mtu aliyeanza na miaka minne hakumbuki alifundishwa nini. Mwili wake unafanya wenyewe, na akitaka kukueleza atakwambia "fuata mimi tu". Tena yeye amesafiri aje ateleze. Saa ya kwanza atakushika mkono kwa furaha, saa ya pili ataanza kuutazama mlima, na ya tatu atakwambia twende juu mara moja tu kwa lifti, ile mitambo ya waya inayopandisha watu mlimani, utaweza. Wewe hapo hujui hata kusimama, lakini utaona haya kumwambia hapana. Umeniandikia habari ya kuona haya mwishoni mwa barua, na mimi naliona ndilo jambo la kwanza. Theluji yenyewe haina shida na mgeni aliyetulia mahali pake. Wanaoanza huumia kwa sababu wamepanda juu kuliko walivyojifunza, na wengi wao walipanda kwa kumwonea haya mtu.

Mwambie hivi, bila kuzunguka: "Asubuhi niko darasani, saa sita tukutane tule, mchana uje unione nilivyojifunza." Atafurahi. Umempa uhuru wake na hujamnyima heshima ya kukualika.

Garmisch ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji wenyewe uko chini, kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari, na michezo ya majira ya baridi wameizoea tangu zamani; Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1936 ilifanyika hapo. Mlima mnaouona juu yenu ni Zugspitze, mita 2,962, mrefu kuliko yote Ujerumani. Huko juu usiende kuteleza safari hii, hata wakikubembeleza. Sehemu yako ni ile ya wanaoanza pale Hausberg, karibu na mji. Darasa la wanaoanza hufanyiwa mahali palipokaribia kuwa tambarare, na mara nyingi kuna mkanda unaosogea wenyewe kama ule wa uwanja wa ndege. Unausimamia na skii zako, unakupandisha taratibu, hakuna kubebwa hewani. Darasa la kikundi linatosha, huna haja ya mwalimu wa peke yako. Uliza wakati wa kujiandikisha kama kuna kikundi cha watu wazima wanaoanza. Mara nyingi kipo, na utakuta mle ndani watu wa nchi nyingi, wengine wamekuzidi umri mara mbili, wote hawajui kitu.

Sasa dukani pa kukodishia vifaa, maana hapo ndipo watu hupita haraka na hapo ndipo usalama wako unapotengenezwa. Nenda Ijumaa jioni kama duka bado liko wazi. Jumamosi asubuhi kuna foleni na fundi hana muda na wewe. Atakuuliza uzito wako, urefu, umri, na kama umewahi kuteleza. Mjibu kweli tupu. Kile kifungo kinacholishika buti lako kwenye skii kimeundwa kifyatuke ukianguka vibaya, ili skii ikuachie kabla goti halijapindika, na fundi hukitega kwa kufuata majibu yako pamoja na urefu wa soli ya buti. Ukijipunguzia kilo kwa sababu kijana yule amesimama nyuma yako anasikiliza, kitalegea mno na skii itakuchomoka njiani bila sababu. Ukijifanya una uzoefu kidogo, kitakazwa, na siku ya kuanguka hakitakuachia, goti ndilo litakalopokea nguvu yote. Wewe ni muuguzi, unajua ligamenti ya goti ikikatika mtu anakaa miezi mingapi. Ukiona vigumu kutaja kilo zako mbele ya watu, ziandike kwenye karatasi umpe.

Buti nazo zitakubana na utadhani wamekosea saizi. Simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Sasa kunja magoti, usukume ugoko mbele: vidole virudi nyuma, visiguse tena. Kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Likikaa hivyo ndilo lako. Vaa soksi jozi moja tu, ndefu, ya kufika chini ya goti. Jozi mbili hujikunja na kuzuia damu isipite, miguu ikazidi kupata baridi. Na suruali ya ndani isiingie ndani ya buti. Ile mikunjo midogo ya kitambaa itakuumiza ugoko mpaka utake kulia, na hutajua ni nini.

Nguo usinunue mpya. Huna haja ya kutumia mshahara kwa koti la wikendi moja. Soko la Kongowea unalijua, na Ujerumani mitumba ipo vilevile, misafi na ya bei ya chini, tena wenzako wa wodini wana makoti ya ziada kabatini, waulize. Mwilini vaa fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho haikauki na utagandia ndani yake. Juu yake sweta la manyoya mepesi, kisha koti na suruali visivyopitisha maji. Suruali ndiyo muhimu, utakaa chini kuliko unavyotarajia. Glavu ziwe nzito na zisizolowa. Usoni na midomoni paka mafuta mazito, na juu yake krimu ya jua. Usidanganywe kwamba ngozi yetu haihitaji. Theluji mpya inarudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, inakupiga kutoka chini na juu, na macho ndiyo yanayoungua kwanza. Usitoke bila miwani, hata kukiwa na mawingu.

Hijabu na helmeti vinakaa pamoja vizuri. Chagua mtandio wa kuvaa kichwani moja kwa moja, mwembamba, wa kitambaa cha michezo. Pini usitumie hata moja. Ukianguka na helmeti, pini itakuingia kichwani. Nywele zisuke matuta yaliyolala, na kama umeweka rasta zifunge chini shingoni, si utosini, la sivyo helmeti itakaa juu ya fundo na haitakulinda. Pima helmeti dukani ukiwa umeshavaa mtandio. Ncha zote zisukumie ndani ya koti. Kitambaa kinachoning'inia kinaweza kunaswa kwenye lifti, na hilo ni la kuhofia kweli. Ukitaka joto zaidi shingoni tumia ile bomba ya kitambaa inayovaliwa kwa kuingiza kichwa, haina ncha. Hapo mlimani kila mtu amejifunika mpaka pua, hakuna atakayekutofautisha na mwenzako.

Mwalimu atakufundisha kuziweka skii zikae umbo la kipande cha pizza, ncha za mbele zikaribiane na nyuma zitanuke. Hiyo ndiyo breki yako kwa siku nzima. Kitu kimoja ukishike mapema, kwa sababu mwili utakudanganya: ukiogopa, utataka kuegemea nyuma. Ukiegemea nyuma skii zinakimbia na hazisikii tena amri. Egemea mbele, ugoko uusukume ulimi wa buti, na zitakutii. Ukiona unaanguka, kaa kwa ubavu, kwenye nyonga, na zile fimbo mbili za mikononi ziachie. Usinyooshe mkono kujizuia, ndivyo watu wanavyovunja kifundo cha mkono na kuumiza kidole gumba. Kuinuka, kwanza zielekeze skii zikate mteremko, ziwe upande wa chini yako, kisha ndio usukume. Ukijaribu kuinuka zikiwa zimeelekea bondeni zitaondoka na wewe.

Ukimaliza darasa na mwalimu akakwambia uko tayari kwa njia nyepesi, tazama rangi za vibao. Bluu ni ya kwako. Nyekundu si ya kwako wikendi hii, na nyeusi isikupitie akilini. Kuna kanuni za kimataifa za mwenendo mlimani, za shirikisho la skii duniani, na moja itakupa amani: aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake. Wale wanaokuja kwa kasi nyuma yako, kazi ya kukupita salama ni yao. Wewe tazama mbele, usigeuke geuke. Ukitaka kupumzika, simama pembeni, mahali wanapokuona kutoka juu, si nyuma ya kona. Nje ya njia iliyoandaliwa usitoke, hata kwa picha, maana huko ndiko maporomoko ya theluji yanakotokea.

Na uache ungali na nguvu. Mchana miguu inachoka, theluji imechimbwa chimbwa, mwanga unafifia na mashimo hayaonekani. Wakisema "mara moja ya mwisho", wewe waambie utawasubiri kwenye banda la chai. Kusema hivyo hakuhitaji sababu wala kuomba radhi.

Chakula: vibanda vya mlimani vina soseji, ni kweli, lakini vina viazi vya kukaanga, na vina chapati tamu za mayai zilizokatwakatwa, Kaiserschmarrn. Uliza tu kama zabibu zake zimelowekwa kwenye pombe, mara nyingine huwa hivyo. Supu ya dengu ulizia nyama iliyomo. Mimi ningebeba mahamri, tende na chupa ya chai ya tangawizi. Kula chakula chako ndani ya vibanda vyao kwa kawaida hawapendi, kaa kwenye benchi la nje. Bia watakunywa, ndiyo, na watakuwa wamechoka na kulala mapema. Swala zako unazijua mwenyewe. Kumbuka tu kwamba mwanzoni mwa Januari huko jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, adhuhuri na alasiri zimekaribiana sana, panga saa yako ya chakula kwa kufuata hilo.

Nije kwenye pesa. Karo ya mdogo wako itangulie, uitume kabla hujalipa hata senti moja ya mlimani. Kilichobaki ndicho chako, na usikionee hatia. Kama unayo Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida Ujerumani nzima, treni ya kawaida kutoka Munich hadi Garmisch imo humo, safari ya kama saa moja na nusu. Tiketi ya siku nzima ya mlima wote hupita yuro 50, na wewe huihitaji. Waulize shule ya skii tiketi gani inatosha kwa uwanja wa mafunzo, mara nyingi ni rahisi zaidi au imo kwenye bei ya darasa. Jumapili usikodi skii tena. Kodi sledi, kile chombo kidogo cha kukalia unapoteleza, bei yake ni ndogo, mwombe mmoja wa wenzako muende pamoja kwenye njia ya sledi, ukae wima, miguu mbele, helmeti kichwani, viatu vya soli ngumu vya kufungia breki. Au mtembee bonde la Partnachklamm, njia ya kama mita 700 kati ya kuta za mwamba, na Januari maji yaliyoganda yananing'inia kutoka juu. Pale unalipa kiingilio kidogo tu. Waambie wenzako mapema, "bajeti yangu ni hii." Nao wana kodi za nyumba, wataelewa.

Bima yako ya afya ya Ujerumani itakutibu ukiumia Garmisch. Lakini mpaka wa Austria uko jirani, na makundi huamua ghafla asubuhi kwenda upande wa pili. Ukivuka, pasipoti na kibali chako cha ukaazi viwe mfukoni, na ujue kwamba ukibebwa kwa helikopta baada ya ajali ya michezo mlimani Austria, bili inaweza kukufuata nyumbani na bima ya kawaida isiilipe. Kwa mara ya kwanza baki Ujerumani. Ulizia pia kama unayo bima ya dhima, ile Haftpflicht, kwa sababu ukimgonga mtu na ikaonekana kosa ni lako, utadaiwa. Namba ya dharura ni 112 pande zote mbili.

Kuhusu kuwa mweusi peke yako. Huenda ikawa hivyo kweli, siwezi kukuahidi vinginevyo, na baadhi watakutazama. Lakini usiende ukidhani umeingia mahali ambapo watu wetu hawajakanyaga. Mwaka 1998, Olimpiki ya Nagano, Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za skii za kilomita 10 na akamaliza wa mwisho, mbali sana nyuma ya wengine. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kuondoka. Alimngojea pale mstarini mpaka akafika, akamkumbatia, na sherehe ya medali ikabidi isubiri. Boit alirudi tena Olimpiki ya 2002 na ya 2006, na mwanawe akampa jina la Dæhlie. Na mwaka 2018, Pyeongchang, aliyeshuka milima kwa bendera ya Kenya alikuwa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, hapo kwenu Pwani, aliyelelewa Austria. Wale watoto wa chekechea watakaokupita, wapungie mkono. Wao wenyewe wanaanguka siku nzima na hakuna anayehesabu.

Mama yako sasa. Sidhani alinyamaza kwa ajili ya pesa. Ameusikia mlima, ameisikia barafu, na mtoto wake yuko mbali ambako akiumia hawezi kumfikia. Swali la kazi au kucheza ndilo lililomjia mdomoni haraka. Usiende kwa siri. Picha zitafika Likoni kabla yako. Mpigie, mwambie karo imeshatumwa, mwambie una mwalimu, mwambie utalala na wasichana, na muulize kama anataka kuiona theluji. Jumamosi ukiwa uwanjani mpigie kwa video akiwa na mdogo wako. Ukikaa nje na simu, itie kwenye mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi humaliza betri upesi.

Kitu kimoja zaidi ukifanye leo, kabla ratiba ya wodi haijatoka: Jumatatu usipangwe zamu ya alfajiri. Mapaja yatakuuma kiasi cha kushuka ngazi kwa shida, na kugeuza wagonjwa kitandani ukiwa katika hali hiyo si haki kwao wala kwako. Tafuta mtu wa kubadilishana naye, uchukue ya mchana.